Makofi Mawili kwenye Jiwe la Tatu

Wewe uliyeniuliza pale sokoni Kasulu, na wewe uliyenipigia simu kutoka Titye, na ninyi mlionitazama tu kanisani bila kuuliza, vuteni viti mkae. Nitawaeleza yote kwa mpangilio. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo kila mtu anaondoka na kipande chake, na vipande hivyo ndivyo vilivyotufikisha hapa.

Mnajua tulipo. Mama Evelina, jirani yangu, amerudi kutoka China na mpaka leo hajampakata mjukuu wake Butoyi hata mara moja. Mama mkwe wa binti yake hataki. Inasemwa kwamba Mama Evelina alikwenda kuwapigia makofi wafalme waliokufa, na wafalme wakajilipa kwa kumchukua Bukuru, pacha wa Butoyi. Wengine wameongeza kwamba alifanya kwa makusudi ili kilimo chake cha uyoga kimletee utajiri. Mimi nilikuwa naye siku hiyo kutoka asubuhi hadi jioni. Nitasema nilichokiona na kukisikia, na pale nisipoelewa nitasema sielewi.

KASULU HADI KIBONDO

Tulikuwa watatu kutoka kikundi chetu cha uyoga: mimi Skola, Mama Evelina, na Shabani mwenye duka pale mjini, anayenunua uyoga wetu mkavu na kuupeleka Mwanza. Tulikuwa tunakwenda kujifunza namna ya kuotesha uyoga kwenye majani yaliyokatwakatwa, tuache kukata miti. Habari za kupata nafasi na karatasi zake naziruka, zinachosha.

Basi liliondoka Kasulu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Kibondo tulikaa kuliko ilivyopangwa, tairi moja lilikuwa linapoteza upepo na fundi alikuwa hajaamka. Kwangu ulikuwa usumbufu. Kwa Mama Evelina ilikuwa zawadi, kwa maana binti yake Evelina ameolewa Murungu, karibu na pale, na alipata muda wa kufika stendi na mumewe Gervas. Alituletea mihogo ya kuchemsha na karanga. Tumbo lilikuwa kubwa mno kwa miezi aliyokuwa nayo, lakini hakuna aliyeshangaa, kipimo kilishaonyesha mapacha.

Hapa niwaombe radhi wenzangu Waha, kwa kuwa nitaeleza jambo mnalolijua. Shabani amesema atawasomea ndugu zake wa Tanga. Kwetu salamu si neno la kurusha ukiwa unapita. Unasimama, unainama kidogo, unakutanisha viganja na kupiga makofi laini, taratibu, huku unauliza habari za nyumbani. Mwenzako naye anakuitikia kwa makofi. Ukipiga unasubiri. Usipoitikiwa, basi mtu huyo hajakusikia, au amekukataa, au hayupo.

Mama Evelina alisimama mbele ya binti yake pale stendi, akainama, akalipigia tumbo makofi kama anavyosalimiwa mtu mzima. "Mwakeye," alisema, ile salamu yetu ya asubuhi, na watu wakacheka. Evelina akacheka pia, kisha akaitikia kwa niaba yao: kofi moja lake, moja la Bukuru, moja la Butoyi. Majina hayo hayangoji mtoto azaliwe, mapacha kwetu wanakuja nayo.

"Tumeitika sote watatu, Mama," alisema. "Nenda."

ANGANI

Kutoka Dar es Salaam tulibadilisha ndege katika nchi nyingine, na pale uwanjani ujumbe wa Gervas ulituwahi kabla hatujaingia ndege ya pili. Evelina alikuwa amepelekwa hospitali, uchungu umeanza kabla ya siku zake. Tuombe.

Baada ya hapo simu haikuleta kitu. Wengi hamjui hili: ukifika China, ile programu ya ujumbe tunayotumia sisi sote haifunguki. Inaonyesha duara dogo linalozunguka, linazunguka, basi. Mama Evelina alilishika duara lile mkononi tangu tuliposhuka.

Tukiwa bado angani, madirisha yamefungwa na watu wamejifunika blanketi mpaka kichwani kama mizigo, aliniuliza kama nyumbani ni usiku au mchana. Nilichukua chungwa kwenye sinia la chakula, nikachora Kibondo kwa kucha upande huu, na mji tunaokwenda upande ule, nikalizungusha mbele ya taa ya kusomea. Nikamwonyesha kwamba jua linawafikia wao kwanza, kwa hiyo wao wakiwa wanatayarisha chakula cha mchana sisi ndiyo tunawasha moto wa chai. Alitazama sana.

"Kwa hiyo tunakwenda mbele ya siku," alisema.

"Tunakwenda mbele ya siku, ndiyo."

"Basi labda nitajua kabla yao."

Nilimwambia haiendi hivyo. Alikubali kwa kichwa, lakini lile chungwa hakulila, alilitia mfukoni.

LANGO KUU

Wenyeji wetu walikuwa wametupa siku moja ya kutembea Beijing kabla ya kupelekwa kwenye mafunzo. Aliyekuja kutuchukua hotelini alikuwa binti wa Kichina mwenye kibendera cha njano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kimepigwa pasi. Alisema jina lake la Kiswahili ni Tumaini, alilopewa na mwalimu wake chuoni.

"Hamjambo, wageni wapendwa. Je, mmelala salama?"

"Hatujambo, bibie," Shabani alijibu. "Ila kitanda kilikuwa kizuri mno, mgongo umekataa."

Tumaini aliangalia juu kidogo, akiitafsiri ile sentensi, kisha akacheka akiwa amechelewa. Nilimpenda hapo hapo.

Mama Evelina alimshika mkono akamwuliza kama anaweza kupiga simu Kibondo. Tumaini akauliza kwa heshima Kibondo ni nani. Tulipomweleza, alisema simu yake haijafunguliwa kupiga nje ya nchi, lakini ataomba ofisi yake, na mchana itakuwa tayari. Basi siku yetu ikawa hivyo: tulitembea kuelekea mchana.

Anga ilikuwa ya kijivu, jua limefifia kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Tulivuka uwanja mpana ambao upande wa pili hauonekani vizuri, watu wa kule walikuwa vivuli tu. Foleni ilikuwa ndefu na haikuwa na kelele. Kila mtu alionyesha pasipoti, akapekuliwa, akasogea. Shabani alinong'ona kwamba hata mfalme aliyekufa anataka kitambulisho, kama kwenye vizuizi vya barabara ya Kakonko.

Tumaini alituambia mahali tunapoingia panaitwa Mji Uliokatazwa.

"Umekatazwa," Mama Evelina alisema, "na sisi tunaingiaje?"

Tumaini alieleza kwamba zamani watu wa kawaida walikatazwa, sasa wamekubaliwa. Mama Evelina aliuliza nani amewakubalia, ikiwa mwenyewe amekufa. Foleni ilisogea, nasi tukasogea nayo.

NDANI YA MJI ULIOKATAZWA

Kila mlango pale una kizingiti cha kufika karibu na goti, na Tumaini alituomba tusikikanyage, tukivuke. Tukavuka cha kwanza, tukatokea uani. Tukavuka cha pili, uani tena, pakubwa zaidi. Sisi tunatoka nchi ya kijani, hata paa la nyumba likiachwa linaota majani. Kule hapakuwa na mti. Mawe, kuta nyekundu, mapaa ya njano, na juu kwenye pembe za mapaa wanyama wadogo wa udongo wamepanga mstari wakitutazama. Nilimwuliza Tumaini kwa nini hakuna mti hata mmoja. Alisema wengine wanasema ni ili mtu asipate pa kujificha, lakini hakuna anayejua kwa hakika.

Mjue kwamba tulikuwa kati ya maelfu ya watu. Nawaambia hivyo msije mkafikiri tulikuwa peke yetu mahali pa kutisha. Kilichonitia baridi ni namna watu wale wote walivyokuwa. Walijaa mbele ya mlango wa jumba kubwa, wamebanana, wameinua simu juu, na waliofika mbele kabisa walinyamaza. Ndani hakuruhusiwi kuingia. Unachungulia gizani, na macho yakizoea unaona nguzo, na katikati kuna kiti juu ya ngazi, na juu ya kiti linaning'inia tufe kama kioo. Tumaini alisema walikuwa wanaamini tufe lile litamwangukia mtu akikalia kiti kile bila haki.

Mama Evelina alisogea mpaka kwenye kizuizi. Akaona kiti cha Mwami, yaani mfalme kwa lugha yetu. Kilichofuata kilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani. Aliinama kidogo akapiga makofi. "Mwakeye."

Simu kadhaa zilishuka. Watu waligeuka. Yeye alikuwa anasubiri.

"Mama, hayupo mtu," Tumaini alisema kwa sauti ya chini.

"Amekwenda wapi?"

"Wafalme wamekwisha. Miaka zaidi ya mia."

"Mbona kiti chake kimefutwa vumbi?"

Tumaini alikitazama kiti kile kwa muda, kama anakiona mara ya kwanza. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuuliza."

Hayo ndiyo makofi ya kwanza, na ndiyo yaliyosemwa sana Murungu. Nilikuwa ubavuni mwake. Hakuomba kitu. Hakuahidi kitu. Alisalimia, hakuitikiwa, akasema "haya," tukaondoka. Huko nyuma, karibu na mlango wa kutokea, kuna kisima ambacho inasimuliwa kwamba mke mdogo wa mfalme alisukumizwa humo. Mdomo wake ni mdogo, ndoo yetu ya kawaida haipiti. Watu walikuwa wanainama kupiga picha ndani. Mama Evelina alizunguka mbali nacho, mkono mmoja ukiwa mfukoni, juu ya chungwa.

CHAKULA

Mkahawa ulikuwa na meza ya duara yenye kioo katikati kinachozunguka, na vyakula vimewekwa juu ya kioo. Ukinyoosha mkono kuchukua nyama, mwenzako anazungusha, unajikuta umeshika kabichi iliyochachuka. Shabani, ambaye alikuwa ameulizia nyama kwa makini na kuletewa samaki na mayai, alifukuza sahani ya samaki karibu mzunguko mzima. Kulikuwa na uyoga pia, mweusi, laini kama sikio. Tuliuonja kama wataalamu.

Walituletea maji ya moto matupu kwenye glasi. Kwetu hayo hunywa mgonjwa, na Mama Evelina aliuliza nani amewaambia kwamba tunaumwa. Tumaini alisema ni kawaida yao, ni ukarimu.

Halafu likatokea jambo dogo. Tulipewa vile vijiti vya kulia. Mama Evelina alijaribu, vikamshinda, akataka kuvipumzisha. Akavichomeka vyote viwili wima katikati ya bakuli lake la wali, vikasimama. Mhudumu mmoja alikuwa anapita na birika. Aliliweka birika mezani kwa haraka, akavichomoa vijiti vile kwa mikono yote miwili, akavilaza pembeni, akaondoka bila kututazama.

Mama Evelina alimwuliza Tumaini amekosea nini. Tumaini alisema si kitu. Akaulizwa tena.

"Niambie, mwanangu. Mimi ni mtu mzima."

"Kwetu," Tumaini alisema, akitafuta maneno, "wali wenye vijiti viwili vimesimama huwekwa kwa marehemu. Lakini wewe hukujua. Hakuna aliyekasirika."

Mama Evelina alilisogeza bakuli mbele. Hakula tena.

Ili kumtoa pale, Tumaini alichukua simu yake, ilikuwa imeshafunguliwa. Nilimsomea namba ya Gervas. Akaipiga, akaiweka simu mezani, sauti nje. Ilikaa kimya kwa muda mrefu, ule ukimya wa mbali wenye mvumo kama upepo kwenye mtungi, kisha ikaongea sauti ya mwanamke, Kiswahili safi, katikati ya mkahawa ule wa Kichina: samahani, namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

"Nimeelewa yote," Tumaini alisema akitabasamu, kwa kuwa alikuwa hajawahi kusikia Kiswahili cha simu. Kisha akaiona sura ya Mama Evelina, na tabasamu likaisha.

Tulipiga tena. Mwanamke yule alirudia maneno yale yale, kwa upole ule ule.

HEKALU LA MBINGU

Mchana tulipelekwa mahali ambapo mfalme alikuwa akija kupiga magoti na kuomba mavuno. Hapo Mama Evelina alichangamka kidogo. Alisema mfalme anayeomba mvua kwa magoti anaweza kumwelewa. Kuna bustani ya miti mizee yenye mashina yaliyojisokota kama kamba, na chini yake wazee wa Kichina wanacheza karata na kuimba. Tulipumua.

Ndani ya bustani ile kuna ua wa mviringo, umezungushiwa ukuta laini, na katikati jumba dogo la duara lenye paa la buluu. Mbele ya ngazi za jumba hilo, sakafuni, yamelazwa mawe matatu yakifuatana. Sasa nifuateni taratibu. Ukisimama juu ya jiwe la kwanza ukapiga kofi moja, unasikia kofi moja limerudi. Kwenye jiwe la pili, kofi lako moja linarudi mara mbili. La tatu, mara tatu. Si uchawi. Sauti inatoka mikononi mwako, inakwenda kugonga ukuta na majumba ya pembeni, inarudi. Kwa kuwa umbali haulingani, haifiki yote kwa pamoja. Mnaweza kulifikiria bonde la kwetu pale mtu anapoita ng'ombe. Tumaini alieleza hivyo hivyo, na alieleza vizuri.

Lakini Mama Evelina alikuwa amesikia kitu kimoja tu: kwamba hapa ukipiga makofi unaitikiwa.

Shabani alitangulia. Moja, ikarudi moja. Kwenye la pili zikarudi mbili. Kwenye la tatu tulizisikia tatu, kavu, moja nyuma ya nyingine, kama mtu anayepasua karanga nyuma ya ukuta. "Leo nimeitikiwa kuliko nyumbani kwangu," alisema, na hata Tumaini alicheka kwa wakati.

Kisha akasimama Mama Evelina. Alivua kofia ya baridi waliyompa hotelini, akaitia kwapani. Kwenye jiwe la kwanza alipiga kofi, likaja moja. "Evelina," alisema. Kwenye la pili, yakaja mawili. "Bukuru na Butoyi." Alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Kibondo. Mimi nilielewa alichokuwa anafanya, na nilitaka kumwambia aache, ila sikupata sababu ya kumwambia.

Akapanda jiwe la tatu. Ilikuwa alasiri, kwa hiyo aliibadilisha salamu. "Mwidiwe," alisema taratibu, akapiga.

Moja. Mbili.

Tulingoja. Uani kulikuwa na watu, lakini naapa sikumbuki sauti yoyote ya mtu. Mama Evelina alikuwa bado ameinama, viganja vimeshikana, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Halafu kundi la wanafunzi liliingia uani na kila mmoja akaanza kupiga makofi, ikawa fujo.

"Rudia, Mama," Tumaini alisema. "Watu wakiwa wengi sauti inapotea. Rudia watakapotoka."

"Mtu hasalimii mara mbili," alijibu. Akanigeukia. "Umesikia ngapi, Skola?"

Nilisema mbili.

Tumaini alisema tatu. Alisema kwa uhakika kwamba yeye alisikia tatu. Shabani alipoulizwa aliangalia viatu vyake, akasema alikuwa anafunga kamba.

Mama Evelina alishuka kwenye jiwe. Aliniuliza swali ambalo bado nalisikia ninapofunga mlango jioni.

"Yupi hakuitika?"

NDANI YA GARI

Gari lilisimama kwenye msongamano, taa nyekundu mbele yetu mpaka yanakoishia macho. Jua lile la kijivu lilikuwa linazama bila rangi. Tumaini alipiga simu tena bila kuombwa, na safari hii iliita. Gervas akapokea.

Waliongea Kiha, nami nilikuwa karibu, nilisikia pande zote mbili. Evelina alikuwa mzima. Butoyi alikuwa mzima, mdogo sana, amewekwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi apate joto. Bukuru alizaliwa wa kwanza akapumua muda mfupi tu. Mapafu yake hayakuwa tayari. Simu ya Gervas ilikuwa imezima kwa sababu alikuwa kwenye maziko, na pale hapakuwa na umeme wa kuchajia.

Mama Evelina hakulia. Aliuliza kitu kimoja: lini. Gervas alisema jioni ya siku iliyotangulia, wakati jua linazama Kibondo.

Tumaini alikuwa amekaa kiti cha mbele akitutazama kwenye kioo. Alinisihi nimwambie. Nilipomwambia alifunika uso, na baadaye akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba anasikitika sana, kwamba kule kwenye jiwe alisikia mbili.

Tulimshauri Mama Evelina arudi nyumbani kesho yake, na Shabani alikuwa tayari kurudi naye. Evelina mwenyewe alichukua simu akakataa. Alisema maziko yamekwisha, mama asome walichokwenda kusoma, mtoto aliyebaki atahitaji kula.

MURUNGU

Mafunzo hayo nitawafundisha kikundini, si hapa. Tuliporudi, basi lilituteremsha Kibondo na tukaenda moja kwa moja Murungu. Mama Evelina alikaa mbele ya wakwe akaeleza msiba wake kama mtu anavyoeleza. Akasema, "Nilipiga makofi, wawili tu wakaitika." Alisema kwa uchungu, akiwa hana hila. Sentensi hiyo ikatoka nje ya ua, na ilipofika Kasulu ilikuwa na wafalme ndani yake, na mapatano, na utajiri. Mama mkwe wa Evelina aliipata ikiwa tayari imevimba. Simlaumu. Ana mjukuu mmoja mdogo wa kulinda na anaogopa.

Sasa turudi kwenye chungwa. Bukuru aliondoka jioni, jua linazama Kibondo. Saa hiyo kule China ni karibu usiku wa manane, na sisi tulikuwa bado angani, ndani ya blanketi, hatujakanyaga China. Tulishuka usiku huo huo, tukalala hotelini, tukaamka, ndipo tukaona kile kiti, na alasiri ya siku hiyo ndipo tukafika kwenye mawe. Mtoto hawezi kuchukuliwa na makofi yaliyopigwa akiwa ameshaondoka. Mkimwona mtu anayesema vinginevyo, mwelezeni polepole, mpeni chungwa alizungushe mwenyewe. Ataelewa. Mimi nimeeleza watu wagumu kuliko huyo wakaelewa.

Kilichobaki nawaachieni kama kilivyo. Shabani aliitikiwa mara tatu kwenye jiwe lile lile, muda mfupi kabla yetu, na watu uani walikuwa wale wale. Mama Evelina aliitikiwa mara mbili. Nimefikiria upepo, nimefikiria ukuta, nimefikiria alivyoinama na lile koti zito la baridi alilokuwa ameazima. Huenda ni mojawapo. Jiwe halikuchukua mtu. Kama lilifanya lolote, lilimwambia mwanamke aliyekuwa mbali, simu yake haifunguki, habari ambayo sisi wengine tulikuwa hatujaipata. Hilo linanitisha mpaka leo, sitawaficha. Lakini kutisha kwake si kosa la aliyesalimia.

Jumamosi hii wengi wenu mnakwenda Murungu kumwona Evelina. Nimemwomba Mama Evelina aje na atakuja, atakaa karibu na mlango kama mgeni. Msimpe pole mpya na msianze kuhubiri. Mkishamaliza kusali, mmoja wenu anawe mikono, amwombe Evelina mtoto, avuke chumba, amweke Butoyi mapajani mwa bibi yake.